Binti Aingiapo Ofisini Msimu wa Kusi



Kusi limeshika, vyuo vikuu vimefunga, na asubuhi hapa Ndia Kuu twawaona mabinti zetu, buibui mwilini na faili mkononi, wakienda kwenye uanagenzi wa miezi mitatu.

Mmoja wao, binti wa jirani yetu, alipangiwa idara ya mipango na mikakati ya kampuni ya mizigo. Wiki nzima alirudufu makaratasi na kupeleka chai mikutanoni. Ijumaa alimwambia mamake: "Mama, sirudi tena. Nauli yapotea bure." Mamake hakumkemea. Alimuuliza tu: "Hiyo mikutano uliyoipelekea chai, ilizungumza nini?" Binti alinyamaza. Jumatatu alimwomba msimamizi wake ruhusa ya kuketi nyuma na kuandika kumbukumbu. Alikubaliwa.

Swali la mama huyo ndilo kiini cha makala haya. Mkakati ni kuamua nguvu zielekezwe wapi na nini kiachwe. Wazee wetu wa Bandari ya Kale waliujua: nahodha aliyeingia na kaskazi alipaswa kuuza, kununua na kupakia kabla kusi halijamrudisha Arabuni. Aliyekosea hesabu alipoteza mwaka. Na sisi tumeyaona karibuni. Mwaka 2019 serikali iliagiza mizigo ya bandarini isafirishwe kwa reli ya kisasa. Madereva, wenye maghala na mama lishe wa Mombasa wakaumia, na watu wakaandamana. Mwaka 2022 huduma za kutoa mizigo ziliamriwa zirudi Mombasa. Maamuzi hayo yalipangwa mezani, nayo yakafika hadi kwenye vyungu vyetu. Je, si kheri na watoto wetu wajifunze kuketi kwenye meza hizo?

Basi mwanagenzi afanye nini? Kwanza, asome kabla ya kuingia. Mashirika mengi ya umma huchapisha mipango yao, na kaunti yetu ina mpango wa maendeleo wa miaka mitano, 2023 hadi 2027. Pili, awe na daftari, na kila jioni aandike: leo kimeamuliwa nini, kwa sababu gani, na nani atanufaika au kuumia. Tatu, katika wiki mbili za mwanzo aombe kazi moja iliyo yake, hata ikiwa ndogo, kama kupanga malalamiko ya wateja kwa aina zake, na aikabidhi ikiwa imekamilika kabla ya kuaga. Mtaka cha mvunguni sharti ainame; lakini asiiname tu, atazame kilichomo mvunguni.

Nne, amana. Siri ya ofisi haisimuliwi barazani wala kwenye simu. Katika Suratul Qasas, binti wa mzee wa Madyan ndiye aliyempendekezea babake amwajiri Nabii Musa, alayhis salaam, kwa nguvu zake na uaminifu wake. Sifa hizo mbili hazijapitwa na wakati.

Nasi wazazi tuna wajibu wetu. Binti arudipo jioni amechoka, asikute vyombo vya mchana vyamngojea peke yake ilhali nduguye wa kiume amelala. Naye ana mikono. Tumhimize aulize siku ya kwanza mahali pa kusalia. Dhuhuri huangukia karibu na mapumziko ya mchana. Na akitakiwa abaki peke yake na mkubwa wake baada ya saa za kazi, ajue kwamba ana ruhusa yetu kukataa, na kwamba akitueleza tutamsikiliza kabla ya kumlaumu. Wengi hunyamaza wakihofu kuachishwa masomo na wazazi wao wenyewe.

Binti wa jirani yetu alimaliza miezi yake mitatu. Siku hizi mamake humuuliza jambo jingine: "Leo wewe ulisema nini?"

Mwenyezi Mungu awape watoto wetu elimu yenye manufaa na riziki ya halali. Amin.