Milango Miwili ya Taaluma za Afya

Nchini Tanzania, kijana anayetaka kuwa mtaalamu wa afya huingia kupitia mmoja wa milango miwili: vyuo vya kati, vinavyosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, maarufu kwa kifupi cha NACTVET, au vyuo vikuu, ambavyo vigezo vyake vya udahili husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU. Kwa bahati mbaya, wazazi na wanafunzi wengi huutazama mlango wa chuo kikuu peke yake, na anayeukosa huhesabiwa kuwa ameshindwa, ilhali mfumo wenyewe umewekwa ili aliyepita mlango wa kwanza aweze kuufikia wa pili, mradi awe na msingi mzuri wa sekondari. Msingi huo ndio unaostahili kuzungumzwa zaidi, kwa kuwa hapo ndipo fursa nyingi hupotea kabla mwanafunzi hajajua kwamba alikuwa nazo.

Njia ya moja kwa moja ya kusomea udaktari hupitia kidato cha tano na cha sita katika tahasusi ya PCB, yaani mchanganyiko wa Fizikia, Kemia na Baiolojia. Katika hesabu ya udahili, alama A huwa na pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2 na E pointi 1, na mwombaji wa shahada ya udaktari hutakiwa kuwa na angalau D katika kila somo kati ya hayo matatu, jumla yake ikiwa pointi 6. Hicho, hata hivyo, ni kima cha chini cha kuruhusiwa kuomba, wala si cha kuhakikishiwa nafasi, kwa sababu vyuo kama Muhimbili cha Dar es Salaam, KCMC cha Moshi na Bugando cha Mwanza huwashindanisha waombaji kwa ufaulu. Anayechaguliwa husoma miaka 5, kisha hufanya utarajali, yaani mwaka mmoja wa kazi hospitalini chini ya usimamizi wa madaktari waliomtangulia, kabla ya kupewa usajili kamili na Baraza la Madaktari.

Njia ya vyuo vya kati huanzia kidato cha nne. Kwa kawaida, mwombaji wa stashahada ya utabibu au ya uuguzi na ukunga hutakiwa kuwa na ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia, na husoma miaka mitatu kutoka ngazi ya 4 hadi ya 6 ya tuzo za ufundi. Anayehitimu utabibu ndiye yule ambaye wananchi wa vijijini humwita daktari, kwa kuwa katika zahanati nyingi ndiye anayemsikiliza mgonjwa, kumpima na kumwandikia dawa. Kuiita njia hiyo ya waliofeli ni kuwakosea heshima watu wanaobeba huduma ya msingi ya nchi nzima, na pia ni kosa la taarifa, maana tabibu mwenye wastani wa ufaulu wa B, au 3.0, anaruhusiwa kuomba shahada ya udaktari. Lakini hapo kuna sharti ambalo wengi hulisikia wakiwa wamechelewa: vyeti vyake vya kidato cha nne vinatakiwa kuonyesha angalau D katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza.

Sharti hilo humrudisha mwombaji kwenye uamuzi alioufanya akiwa na umri wa miaka kumi na minne au kumi na mitano. Kwa muda mrefu Fizikia na Kemia zimekuwa masomo ambayo mwanafunzi anaweza kuyaacha anapoingia kidato cha tatu, na katika shule zenye upungufu wa walimu wa sayansi na maabara wengi wameyaacha bila mtu yeyote kuwaeleza kwamba pamoja nayo wanaacha uuguzi, utabibu na hata udaktari wa baadaye. Hisabati nayo hubaki darasani kwa jina tu, ikidhaniwa kuwa ni ya wahandisi. Hali halisi ya wodini ni nyingine kabisa. Mtoto mwenye uzito wa kilo 12 akiandikiwa parasetamo kwa kipimo cha miligramu 15 kwa kila kilo, anahitaji miligramu 180, na ikiwa dawa ya maji iliyopo ina miligramu 120 katika kila mililita 5, basi anapaswa kupewa mililita 7.5. Hiyo ni hesabu ya uwiano ya sekondari, lakini nukta ya desimali ikisogezwa nafasi moja, mtoto atapewa dawa mara kumi ya anayostahili.

Kuhusu fedha, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, ilikuwa ikijulikana kwa kuwakopesha wanafunzi wa shahada, lakini tangu mwaka wa masomo 2023/24 mikopo imefunguliwa pia kwa stashahada za fani za kipaumbele, afya ikiwa mojawapo. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka 2022/23, huwalipia wanaofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi ya kidato cha sita na kudahiliwa katika sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au elimu ya tiba. Kinachowakwamisha waombaji mara nyingi ni karatasi: cheti cha kuzaliwa kinapaswa kuhakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, au na ule wa Zanzibar kwa waliozaliwa huko, na vivyo hivyo cheti cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi. Jina lililoandikwa kwa namna mbili katika vyeti viwili laweza kuchelewesha kila kitu, kwa hiyo marekebisho yake yanafaa kufanywa mapema, mtihani wa mwisho ukiwa bado haujafika.

Tahadhari nyingine inahusu chuo chenyewe. Aliyesoma katika chuo kisichosajiliwa hawezi kusajiliwa na baraza la taaluma yake, na bila usajili huo hana ruhusa ya kumhudumia mgonjwa, hata angekuwa hodari kiasi gani. Kwa hiyo jina la chuo na la kozi lazima yatafutwe katika mwongozo wa udahili wa mwaka husika kabla ya kulipa ada yoyote.

Vitabu si haba kwa anayejua pa kuvitafuta. Kitabu cha anatomia na fiziolojia cha OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani, hupakuliwa bure, na mpango wa Hinari, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, huwawezesha wanachuo kusoma majarida ya tiba kupitia maktaba za vyuo vilivyosajiliwa. Kwa Kiswahili, Mahali Pasipo na Daktari kingali kitabu bora cha kumzoesha mwanafunzi kueleza ugonjwa kwa maneno ambayo mgonjwa atayaelewa.

Kuna pia taaluma ambazo hazisikiki sana mashuleni. Chuo cha TATCOT, kilichopo KCMC tangu mwaka 1981, hufundisha utengenezaji wa miguu na mikono bandia na vifaa vya kutegemeza mwili, na wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam hufundisha ufundi wa vifaa tiba, yaani utunzaji na utengenezaji wa mashine kama za eksirei na za kuwapumulia wagonjwa, kazi ambayo Fizikia ndiyo roho yake, na ambayo inamfaa sana kijana anayependa hospitali lakini anayejikuta anaelewa saketi ya umeme kwa urahisi kuliko mfumo wa damu.