Fahamu: Pasipoti ya India na safari fupi za nje
Raia wa India huingia Nepal na Bhutan hata bila pasipoti. Kitambulisho cha mpiga kura kinatosha. Kenya nayo ilifuta viza Januari 2024, ila kibali cha kielektroniki huombwa kabla ya kusafiri.

Ugumu uko Ulaya. Viza ya Schengen ni yuro 90 kwa mtu mzima, na ombi likikataliwa pesa hazirudi. Kwa familia ya kipato cha kawaida, huo ni uonevu. Nafuu ilikuja Aprili 2024: aliyetumia vyema viza mbili ndani ya miaka mitatu anaweza kupewa ya miaka miwili, ya kuingia mara nyingi, kisha ya mitano. Hata hiyo humruhusu kukaa siku 90 tu katika kila siku 180.