Mgeni wa siku ya tatu: Waliokuja kuuona ujamaa, na wachache walioshika jembe

Kilwa si mji wa watalii. Uko kwenye mwambao wa Ziwa Mweru, katika eneo la Pweto mkoani Haut-Katanga, takriban kilomita 350 kaskazini mwa Lubumbashi. Watu wake wanaishi kwa samaki, mihogo na biashara ndogondogo za kuvuka ziwa kuelekea Zambia. Mvua zikianza, barabara ya Lubumbashi humtoa jasho hata dereva wa lori aliyeizoea.

Lakini mji huu mdogo unatusaidia kuuliza swali ambalo limezunguka katika ukanda wetu kwa zaidi ya miaka 60: mgeni anapotoka mbali na kusema amekuja kwa ajili ya mshikamano, mshikamano huo humsaidia nani?

Swali hilo huibuka kila mara wanaharakati wa mrengo wa kushoto kutoka Ulaya na Marekani wanapofunga safari kwenda katika nchi ya kijamaa iliyo taabani. Ilikuwa hivyo katika Urusi ya miaka ya 1930 na katika China ya Mao. Ilikuwa hivyo Nicaragua katika miaka ya 1980. Cuba imekuwa ikiwapokea vijana wa Kimarekani wa kundi la Venceremos tangu mwaka 1969, wa kwanza wao wakiwa wamekwenda kukata miwa.

Mara nyingi mambo huenda kwa mtindo mmoja. Wageni hupokewa kwa nyimbo, huonyeshwa shule na zahanati, hupiga picha, kisha hurudi kwao na habari njema. Wenyeji hubaki kwenye foleni ya mkate.

Hatuhitaji kufika Havana ili tulielewe jambo hili. Lilitokea hapa kwetu.

Dar es Salaam, mji wa mahujaji

Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 5, 1967, Tanzania iligeuka nyota kwa wasomi wa Magharibi waliokuwa wamechoshwa na vita vya Vietnam na ubepari wa nchi zao. Rais Julius Nyerere alikuwa mtu wa maisha ya kawaida, mcha Mungu, mwandishi mzuri na asiyetumia lugha ya vitisho. Wengi walimwona kama mtu aliyepata njia ya tatu, isiyo ya Washington wala ya Moscow.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwavuta watu wa kila aina. Alikuwepo Walter Rodney kutoka Guyana, aliyeandika hapo kitabu chake maarufu cha mwaka 1972 kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Walikuwepo Giovanni Arrighi wa Italia na John Saul wa Canada. Mjini zilikuwepo ofisi za vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, na mikahawani mtu angeweza kukutana na mpigania uhuru wa Msumbiji, mwandishi wa Kiingereza na Mmarekani mweusi aliyeikimbia polisi ya nchi yake.

Mwaka huohuo wa 1967, Profesa Ali Mazrui, Mkenya aliyekuwa akifundisha Makerere, aliandika katika jarida la Transition la Kampala kuhusu hali aliyoiita "Tanzaphilia". Aliizungumzia kama ugonjwa wa mapenzi: msomi wa Magharibi, aliye mkali kwa serikali yake mwenyewe, akifika Tanzania analegea na kusamehe kila kitu.

Maneno ya Mazrui yaliwaudhi wengi, lakini hayakuwa ya mzaha tu. Alikuwa ameona kwamba mgeni anaweza kuipenda nchi kwa sababu inamtimizia ndoto yake, bila kuuliza kama inatimiza ndoto za watu wanaoishi ndani yake.

Litowa: mahali ndoto ilipokuwa kweli

Haki itendeke kwa wageni pia. Si wote waliokuja kupiga picha.

Katika mkoa wa Ruvuma, kusini mwa Tanzania, vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walilima pamoja, waligawana mavuno na waliamua mambo yao katika mkutano. Vijiji vingine vilifuata mfano huo, vikaunda Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambacho katibu wake alikuwa Ntimbanjayo Millinga.

Mwingereza Ralph Ibbott alikwenda kuishi Litowa pamoja na mkewe na watoto wao. Alikuwa mshauri, si mkuu wa kijiji. Familia hiyo ilikaa miaka, si wiki mbili. Nyerere mwenyewe alivutiwa na kazi ya Ruvuma, na wazo lake la vijiji vya ujamaa lilipata nguvu kutokana na kile alichokiona huko.

Mwezi Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Mali zake zilichukuliwa, na familia ya Ibbott ikalazimika kuondoka. Kosa la wanavijiji lilikuwa nini? Walijiamulia mambo yao. Viongozi wa mkoa na wa chama hawakupenda vijiji vilivyojua kusema hapana.

Hapa ndipo mtihani wa mshikamano ulipokuwa. Ujamaa wa kujitegemea ulikuwa umezimwa na chama kilichokuwa kikihubiri ujamaa na kujitegemea. Hata hivyo sifa za Tanzania ziliendelea kuvuma ng'ambo kana kwamba hakuna kilichotokea. Ilichukua miaka mingi kabla habari ya Ruvuma haijasimuliwa kwa urefu. Kitabu cha Ibbott kilitoka mwaka 2014.

Amri ya Novemba 1973

Miaka minne baada ya Litowa kuzimwa, Novemba 1973, Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena, ni amri. Operesheni Vijiji ilianza. Malori ya serikali yalibeba watu na mizigo yao. Mahali pengine nyumba zilichomwa ili wenyewe wasirudi. Wapo walioshushwa palipokuwa hapana maji, na wapo waliohamishwa msimu wa kulima ukiwa umekaribia.

Kufikia 1977, takwimu rasmi zilihesabu zaidi ya watu milioni 13 katika vijiji vilivyosajiliwa. Katikati ya muongo huo, ukame na mvurugo wa kuhamahama viliilazimu nchi kuagiza nafaka nyingi kutoka nje.

Si kwamba hapakuwa na mema. Watu wazima wengi walijifunza kusoma na kuandika. Shule ya msingi iliwafikia watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kushika kalamu. Mtanzania wa Kagera na wa Mtwara wanaongea lugha moja na wanaoana bila kuulizana kabila. Ndiyo maana mzee aliyehamishwa kwa nguvu anaweza hadi leo kumwita Nyerere Baba wa Taifa, na asione kwamba anajipinga.

La kushangaza ni kwamba mwenyeji alisema ukweli kabla ya wageni wake wengi. Katika tathmini yake ya miaka 10 ya Azimio, mwaka 1977, Nyerere alikiri wazi kwamba Tanzania haikuwa nchi ya kijamaa wala haikuwa inajitegemea. Wapo waliokuwa wakiisifu kuliko alivyoisifu yeye.

Tofauti na hao alikuwa René Dumont, mtaalamu wa kilimo wa Ufaransa na mtu wa mrengo wa kushoto. Alizitembelea Zambia na Tanzania, akatazama mashamba badala ya maonyesho, na mwaka 1980 alitoa kitabu pamoja na Marie-France Mottin kuhusu Afrika iliyonyongwa. Aliwasema mabeberu, lakini aliwasema pia watawala na maofisa waliomkamua mkulima. Huo nao ulikuwa mshikamano, tena wa gharama, kwa sababu unaweza kumnyima mgeni mwaliko wa pili.

"Tatu" wa Kibamba

Upande wa Kongo, mgeni mashuhuri zaidi alikuja na bunduki. Aprili 24, 1965, Ernesto Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma hadi Kibamba, akiongoza kundi la Wacuba ambao baadaye walizidi 100. Majina yao ya vita yalikuwa namba za Kiswahili. Víctor Dreke aliitwa Moja, na Che akawa Tatu.

Che hakuwa mtu wa Magharibi kwa maana ya Paris au New York, na hakuja kutazama. Lakini alikutana na ukuta uleule. Nchi aliyoichora kichwani haikuwa ile aliyoikuta. Wapiganaji waliamini dawa ya kuzuia risasi. Wengine walikataa kubeba mizigo, wakisema wao si magari. Laurent-Désiré Kabila, kiongozi aliyekuwa akimngojea, alifika mstari wa mbele kwa siku chache tu, akaondoka. Mwezi Juni, Wacuba wanne waliuawa katika shambulio la Bendera.

Novemba 21, 1965, Che alivuka tena ziwa, akirudi. Baadaye, akiwa amejificha katika ubalozi wa Cuba mjini Dar es Salaam, aliandika kwamba safari hiyo ilikuwa habari ya kushindwa, na hakuwalaumu Wakongo peke yao. Alijilaumu mwenyewe pia.

Kabila aliendelea. Aliishi miaka mingi kati ya misitu ya Fizi na Dar es Salaam, na Mei 17, 1997, akiwa Lubumbashi, alijitangaza rais wa nchi. Wakulima wa Fizi na Baraka waliowalisha wapiganaji mwaka 1965 hawakuwa na ubalozi wa kukimbilia.

Na kulia je?

Katanga haina ruhusa ya kuwacheka watu wa kushoto peke yao. Moïse Tshombe alipoitenga Katanga na Kongo mwaka 1960, wahafidhina wa Marekani nao walipata nchi ya kuiota. Desemba 1961 waliunda kamati ya kuwasaidia waliowaita wapigania uhuru wa Katanga. Katika macho yao Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ilikuwa ngome dhidi ya ukomunisti. Nafasi ya kampuni ya Union Minière katika habari hiyo haikuwasumbua sana.

Kwa hiyo ugonjwa alioutaja Mazrui hauna mrengo. Humpata kila anayekuja akiwa na jibu tayari mfukoni.

Mpe jembe

Katika kijitabu chake cha ujamaa cha mwaka 1962, Nyerere alikumbusha methali tunayoijua sote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndiyo kipimo.

Pete O'Neal, aliyekuwa kiongozi wa Black Panther mjini Kansas City, alifika Tanzania mwaka 1972 akiikimbia hukumu ya silaha ambayo daima ameipinga. Ujamaa ulipokwisha, yeye na mkewe Charlotte hawakutafuta nchi nyingine ya kuiota. Walibaki Imbaseni, karibu na Arusha, wakafungua kituo cha jamii chenye masomo ya bure na makao ya watoto. Hatuhitaji kukubaliana na siasa zake ili tuone kwamba alipita siku ya tatu.

Na hapo tunarudi Kilwa.

Oktoba 2004, kikundi kidogo cha waasi kiliuteka mji huu. Jeshi la serikali liliukomboa kwa siku moja, kisha likawageukia raia. Zaidi ya watu 70 waliuawa. Askari walitumia magari ya Anvil Mining, kampuni ya Australia na Canada iliyokuwa ikichimba shaba na fedha katika mgodi wa Dikulushi, umbali wa kilomita 50 hivi. Kampuni ilisema magari yake yalichukuliwa na jeshi kwa nguvu ya sheria. Mwaka 2007, mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachia huru wafanyakazi wake watatu wa zamani. Kesi iliyofunguliwa Canada nayo ilikwama mwaka 2012.

Waliobaki na watu wa Kilwa walikuwa mawakili wa Lubumbashi wa shirika la ACIDH, pamoja na wageni wa shirika la RAID la Uingereza. Hawakuja kuona jamii mpya. Walikuja kuuliza majina ya waliokufa, nani aliona nini, na mwili ulizikwa wapi. Wakarudi tena, na tena.

Mwaka 2017, miaka 13 baada ya risasi, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao yake Banjul ilitangaza uamuzi wake. Iliitia hatiani serikali ya Kongo na kuitaka iwalipe waathirika 8 na familia zao dola milioni 2.5, iombe radhi hadharani na iwashtaki waliohusika. Uamuzi si fedha mkononi, wala haumrudishi baba nyumbani. Lakini jambo ambalo mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi ilikuwa imelifunga sasa limeandikwa, kwa jina la mji wa wavuvi ambao wengi hawawezi kuuonyesha kwenye ramani.

Wageni wataendelea kuja, na ni vema waje. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila kabla ya kumwimbia, tumuulize maswali matatu: utazungumza na nani pasipo ofisa wa serikali kuwepo? Utasema nini ukiona jambo usilolipenda? Na mambo yakiharibika, utarudi?