Pesa ya chama iko kwa simu ya nani? Jinsi ya kupanga ruhusa za kikundi

Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, uvuvi wa omena hufungwa upande wa Kenya wa Ziwa Victoria ili samaki wapate nafasi ya kuzaana. Kwa kina mama wanaonunua omena ufuoni na kuiuza Kibuye au Jubilee hapa Kisumu, hiyo ni miezi minne ya mfuko mwepesi. Ndiyo maana wengi huweka akiba pamoja wakati biashara iko, ili wagawane wakati biashara imelala.

Tuchukue mfano. Kikundi cha kina mama 15 pale Dunga kinachanga shilingi 200 kila mtu kwa wiki. Hiyo ni 3,000 kila wiki. Kuanzia Agosti hadi Machi kuna wiki 34 hivi, kwa hivyo Aprili ikifika wana shilingi 102,000. Sasa swali: hiyo pesa iko kwa simu ya nani?

Jibu tunalosikia sana ni "iko kwa laini ya mweka hazina." Mara nyingi mweka hazina ni mtu mwaminifu kabisa. Lakini hata mtu mwaminifu huibiwa simu kwa matatu, huugua, husafiri, na pia hufa. Pesa ikiwa kwa laini yake binafsi, kwetu sisi kampuni ni pesa yake. Akifariki, wanaoweza kuidai ni warithi wake wakiwa na karatasi za kisheria. Kina mama wengine 14 wanabaki na daftari tu, na Aprili haiwasubiri.

Suluhisho ni akaunti ya kikundi. Lakini kufungua akaunti ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuamua nani anaruhusiwa kufanya nini.

Kuwa ndani ya kikundi si kuwa na funguo zote

Watu wengi hulinganisha akaunti ya kikundi na grupu ya WhatsApp. Zinafanana kidogo tu. Kwa WhatsApp kuna watu wa aina mbili, admini na wengine. Na admini akiwa mmoja tu halafu atoke, WhatsApp yenyewe humpa mwanachama mwingine uadmini bila kuuliza mkutano. Kwa mambo ya salamu na matangazo hiyo ni sawa. Kwa shilingi 102,000 si sawa.

Kwa pesa, gawanyeni ruhusa mara nne:

1. Kuona. Mwanachama anaangalia salio na nani amechanga, lakini hawezi kutoa chochote. Wapeni wanachama wote. Maswali mengi ya mkutano huisha hapa.
2. Kuanzisha malipo. Mtu anaandika namba ya kulipwa, kiasi na sababu. Pesa bado haijatoka. Hii ni kazi ya mweka hazina.
3. Kuidhinisha. Mtu anapata meseji, anasoma malipo yanaenda wapi, anakubali au anakataa kwa PIN yake mwenyewe.
4. Kusimamia wanachama. Kuingiza mtu, kumtoa, au kumbadilishia ruhusa. Hii ndiyo ruhusa kubwa kuliko zote, kwa sababu aliye nayo anaweza kujipa zile zingine. Kwa hivyo isifanywe na mtu mmoja. Msimamizi mmoja akiomba badiliko, mwingine alikubali.

Kanuni ya kushika hapa: anayeanzisha malipo asiyaidhinishe yeye mwenyewe.

Kwa nini waidhinishaji 3 na si 2?

Mkiwa na waidhinishaji 2 na wote lazima wakubali, simu moja ikizimika pesa imekwama. Na hapa kwetu simu huzimika. Mmoja yuko kwenye feri ya kutoka Luanda K'Otieno kwenda Mbita, mwingine ameenda matangani na hakuna stima ya kuchaji. Wekeni 3, na 2 kati yao wakikubali malipo yaende. Mmoja akikosekana kazi inaendelea, na mmoja peke yake hawezi kutoa pesa.

Ila wachagueni vizuri. Mtu na bwanake, au mama na bintiye wa nyumba moja, kwa jambo hili ni kama mtu mmoja. Na mwidhinishaji akimpa mweka hazina PIN yake "akusaidie tu," basi ule ulinzi wote umeisha.

Ruhusa ifuate kiti, isifuate mtu

Ofisi zinazotumia programu kama Microsoft Teams au Google Workspace zina njia nzuri ya kuiga. Mhasibu mpya akiajiriwa, anaingizwa kwenye kundi la wahasibu na palepale anafungua faili za uhasibu. Akiacha kazi anatolewa kwenye kundi, na milango ya kundi hilo inafungwa kwake kwa pamoja. Hakuna anayezunguka kubadilisha faili moja moja.

Chama kifanye hivyo hivyo. Ruhusa ya kuanzisha malipo ni ya kiti cha mweka hazina. Mkichagua mwingine, mbadilishe anayekalia kiti siku hiyo hiyo, kabla mkutano haujafungwa na watu bado wako na simu mkononi. Akaunti nyingi hubaki na viongozi wa zamani kwa sababu kila mtu aliona aibu kumtoa mama aliyefanya kazi vizuri. Kumtoa kwenye kiti si kumshuku. Kunamlinda pia, maana pesa ikipotea baadaye jina lake halimo.

Mtu akihama au akifa, fuateni mpangilio huu: kwanza aondolewe ruhusa ya kuanzisha malipo na ya kuidhinisha, kisha atolewe kwenye akaunti baada ya hesabu ya michango yake kufungwa, na mwisho atolewe kwenye grupu ya WhatsApp. Wengi huanza na WhatsApp na kusahau pesa.

Kabla ya mkutano ujao

Andikeni kwenye karatasi moja: nani anaona, nani anaanzisha, nani watatu wanaidhinisha, nani wawili wanasimamia wanachama. Linganisheni na katiba ya kikundi. Kama katiba haisemi chochote kuhusu simu, ongezeni kifungu na mkiandike kwenye kumbukumbu za mkutano. Halafu fungueni sehemu ya wanachama kwenye akaunti yenu na muangalie kama majina yaliyomo ni yale yale ya kwenye karatasi.

Jaribuni pia malipo ya shilingi 10, mkiwa wote mmekaa pamoja. Mkiona meseji imefika kwa waidhinishaji wote 3 na pesa imetoka baada ya wawili kukubali, mambo yako sawa. Kama imetoka mapema, au haijatoka kabisa, ni heri mjue leo kuliko tarehe 1 Aprili.