Majina Yaliyo Kwenye Bendera

Ni kitambaa chepesi cha hariri au pamba, cheupe, chenye duara jekundu katikati na maandishi ya wino mweusi yaliyolizunguka kama miale ya jua. Wajapani hukiita yosegaki hinomaru. Kijana alipoitwa jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndugu, majirani, walimu na wafanyakazi wenzake waliandika majina yao juu ya bendera, kila mtu kwa mkono wake, pamoja na dua ya kumtakia heri ya kudumu vitani. Kijana aliikunja akaivaa ndani ya sare, karibu na mwili. Askari wa Marekani, Uingereza na Australia waliipata walipopekua maiti, wakaenda nayo kwao.

Kiswahili kina neno nyara kwa kile kinachotekwa vitani: bunduki, magari, ghala la chakula. Bendera hii siihesabu humo. Ni mali ya mtu, na Mkataba wa Geneva wa 1929 ulikuwa umeagiza kwamba vitu binafsi vya waliokufa vikusanywe na kufikishwa kwa upande wao. Sina hamu ya kuwashtaki vijana wa miaka 19 waliotaka kitu cha kuonyesha nyumbani kwamba walifika huko wakarudi hai. Lakini anayeikusanya leo hana haraka ya vita, na anaweza kutenda vyema zaidi.

Wengi huanza na bei. Mimi huanza na maandishi. Mara nyingi jina la mwenye bendera limeandikwa wima ukingoni, kwa herufi kubwa kuliko za wengine. Tafuta pia mhuri mwekundu wa hekalu, kwa kuwa huo unaweza kukuonyesha mji aliotoka. Kisha tazama miandiko. Watu ishirini hawawezi kuandika kwa mkono mmoja, kwa hiyo bendera iliyojaa majina yenye mwandiko uleule inatia shaka. Bandia zimezagaa minadani, nyingine zimepakwa madoa ya damu ili ziuzwe ghali. Mulika bendera gizani kwa taa ya urujuanimno: uzi uliotiwa dawa za kisasa za kung'arisha hutoa mwanga wa samawati, na hariri ya miaka ya 1940 haikutiwa dawa hizo.

Usiifue, hata kwa maji matupu. Wino utachuja, na hariri iliyozeeka hukatika kwenye mikunjo. Ilaze bapa gizani, juu ya karatasi isiyo na asidi. Ukiitundika sebuleni kwenye jua, maandishi yatabaki lakini nyuzi zitaoza.

Wajapani zaidi ya milioni 1 waliofia ng'ambo katika vita ile mabaki yao hayajarudi kwao mpaka leo. Kwa familia nyingi hakuna kaburi lenye mwili, na bendera ndiyo kitu pekee kinachoweza kurudi. Tangu 2009, OBON Society ya Oregon, Marekani, imekuwa ikiyasoma majina yaliyo kwenye bendera hizi na kuzitafuta familia za wenyewe. Mimi nashauri kurudisha. Mkusanyaji atapoteza kitambaa, na dada mwenye umri wa miaka 90 atauona mwandiko wa baba yake.

Jambo hili halituhusu kwa mbali tu. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakiwamo askari wa Keya (King's African Rifles) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, iliwasukuma Wajapani katika bonde la Kabaw huko Burma mpaka mto Chindwin. Kama babu yako alikuwa huko, fungua sanduku lake kwa uangalifu, na kama angali hai yeye au mtu aliyemsikia akisimulia, muulize leo. Ukikuta bendera humo, andika kwa penseli, kwenye karatasi ya pembeni: nani aliileta, alikuwa katika kikosi gani, aliipata wapi, siku gani. Usiandike kwenye bendera yenyewe.