Kulea watoto wa majirani nyumbani: kazi ya heshima inayoomba uangalifu

Kabla jua halijatoka, akina mama wa Bukavu wanateremka vilima kuelekea soko la Kadutu, wengine na beseni la sambaza kichwani, wengine na furushi la sombe. Ni nani anayebaki na mtoto? Mara nyingi ni dada yake wa miaka minane, na mdogo wake amefungwa kwa kitenge mgongoni. Tangu mwaka 2019 serikali yetu ilitangaza kwamba masomo ya msingi ni bure katika shule za serikali, pamoja na zile zinazoongozwa na makanisa kwa mapatano nayo. Lakini msichana huyo hafiki darasani, kwa maana hakuna mwingine wa kumshika mtoto.

Ndiyo sababu tunafurahi kuona mama wengi katika mitaa yetu wanafungua mlango wao na kupokea watoto wa wenzao mchana, kwa malipo madogo. Kazi hiyo inasaidia nyumba tatu kwa mara moja: mama anafanya biashara, msichana anasoma, na mlezi anapata riziki. Hata hivyo, mtoto wa mwenzako ni amana. Tukimpokea bila kujipanga, siku moja tunaweza kumrudishia mama yake mtoto mwenye jeraha. Basi tuangalie mambo ya kutengeneza kwanza.

Usipokee kuliko mikono yako

Mama mmoja tuliyemtembelea alianza na watoto watatu. Majirani walimsifu, na kisha mwezi mmoja alikuwa na kumi na mmoja. Siku moja alipokuwa anambadilisha mtoto mchanga nguo, mwingine alivuta sufuria ya maharagwe iliyokuwa juu ya mbabula. Mtoto alipona, lakini alama ingali kwenye mkono wake. Mama huyo alituambia: «Si kwamba sikuwapenda. Sikuwa na macho ya kutosha.»

Shauri letu ni hili: mtu mzima mmoja asichunge zaidi ya watoto watano au sita, na kati yao wasiozidi wawili wawe chini ya miaka miwili. Uhesabu watoto wako mwenyewe pia. Ukitaka kupokea wengi, tafuta mwenzako wa kusaidiana naye. Kusema «nafasi imejaa» si ubaya.

Piga magoti uangalie nyumba

Kabla ya kupokea mtoto wa kwanza, piga magoti na utembee hivyo ndani ya nyumba na kiwanjani. Utaona yale ambayo mtoto anaona: kisu kwenye rafu ya chini, chupa ya petroli au ya javeli, dawa, waya wa umeme ulio wazi. Vyote vipande juu au vifungiwe.

Mbabula ikae mahali ambapo watoto hawafiki, na isiwashwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa ambamo watoto wanalala. Moshi wa makala una hewa yenye sumu isiyo na harufu, nayo inaua watu usingizini. Mtoto akiungua, mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha mpeleke kituo cha afya. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga.

Beseni na ndoo za maji zifunikwe, kwa maana mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya kina cha mkono mmoja tu. Katika Bukavu, nyumba nyingi ziko juu ya miteremko. Weka uzio, hata wa matete. Katika Goma na Sake, tukumbuke mazuku: ni hewa nzito inayotoka ardhini na kukaa katika mashimo na mabonde, zaidi usiku na asubuhi wakati hakuna upepo. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama pale ambapo mtoto mfupi anaanguka. Watoto wasicheze kamwe kwenye mashimo hayo.

Maji, chakula na magonjwa

Kolera haijatoka katika miji yetu ya kando ya ziwa. Wape watoto maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa. Tundika bidoni ndogo yenye tundu karibu na choo, pamoja na sabuni, na kila mtu anawe: baada ya choo, baada ya kubadilisha mtoto, kabla ya kupika na kabla ya kula.

Mtoto akianza kuharisha, usingoje jioni. Chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Koroga, mnyweshe kidogo kidogo, umwite mzazi, na mwende kituo cha afya.

Mtoto mwenye homa na vipele abaki kwao hadi muuguzi amwangalie. Mwaka 2024 mpox ilienea sana katika Kivu ya Kusini, nayo inapita kwa kugusana na kwa kulalia shuka moja. Tena, omba kila mzazi aonyeshe kadi ya chanjo. Chanjo ya kwanza ya surua inatolewa mtoto akifika miezi 9. Surua ni rahisi kuenea kati ya watoto wanaokaa pamoja.

Kwa chakula, uji wa mahindi, soya na mtama unafaa sana, na sambaza zilizosagwa zinauongezea nguvu. Mtoto chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama tu. Mama anaweza kuyakamua na kuyaacha katika chombo safi chenye kifuniko. Karanga nzima zisipewe watoto wadogo, maana zinaweza kuwanyonga. Watoto wachanga walale chali, chini ya chandarua.

Michezo haiombi dola

Mtoto anayekaa kimya siku nzima hakui vizuri. Mpira wa majani ya ndizi, gari la bidoni iliyokatwa na kulainishwa kingo, mchanga, nyimbo za kupiga makofi, vitendawili na hadithi za sungura: hivyo vyote havina bei. Ongea nao, hata wale wasiosema bado. Kila kitu cha kuchezea kiwe kikubwa kuliko kinywa cha mtoto.

Usalama wa mwili na wa moyo

Andika katika daftari jina la mtoto, wazazi wake, simu zao, na watu wawili tu wanaoruhusiwa kumchukua. Mwingine akija, hata akiwa mjomba, piga simu kwanza. Wageni wasibaki peke yao na mtoto. Usimpige mtoto. Wala asiitwe mchawi kwa sababu anakojoa kitandani au anaota vibaya: sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza jambo hilo na kuliadhibu.

Kwa kuwa vita vimetufundisha kukimbia, mpatane mapema na wazazi: risasi zikianza, mtoto abaki wapi, na mkikimbia mtakutana wapi. Wafundishe watoto majina yao kamili na ya wazazi wao.

Hesabu iwe wazi

Tuchukue mfano. Watoto 6, kila mmoja franka 1,000 kwa siku, siku 24, ni franka 144,000. Unga, sukari na makala vikila 2,500 kwa siku, ni 60,000. Maji na sabuni 500 kwa siku, ni 12,000. Zinabaki 72,000. Weka 12,000 kando kwa mikeka na vyandarua. 60,000 ni mshahara wako. Usichanganye pesa za uji wa watoto na za likelemba, kwa maana siku ya upungufu ni mtoto atakayelala njaa.

Parokia zetu zinaweza kusaidia bila gharama kubwa: kumwomba muuguzi wa kanisa atembelee walezi mara moja kwa mwezi, na kufungua chumba cha shule ya Jumapili katikati ya juma. Tuanze kwa kuuliza jambo moja kila avenyu: watoto wa wale mama walioteremka sokoni leo asubuhi, sasa hivi wako na nani?