Kukadiria Joto la Mwali Kabla ya Kuwasha Moto

Gesi asilia iliyogunduliwa mwaka 1974 katika kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, ilianza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Sehemu kubwa kabisa ya gesi hiyo ni methani. Mhandisi anayebuni mtambo wa kuichoma hukabiliwa na swali moja zito: je, mwali utakuwa na joto kiasi gani, na chuma kitaustahimili? Jibu lake hutafutwa kwa kalamu na karatasi kabla ya moto kuwashwa.

Msingi wa hesabu ni kanuni ya kwamba nishati haipotei. Joto litolewalo na mwako, lisipopata njia ya kutoroka, halina budi kuzipasha gesi zitokanazo na mwako huo. Moli moja ya methani ikiungua kabisa, maji yakabaki mvuke, hutoa kilojuli 802. Huhitaji moli 2 za oksijeni, na huzaa moli 1 ya kaboni dayoksaidi na moli 2 za mvuke. Lakini katika hewa, kila moli ya oksijeni hufuatana na moli 3.76 za naitrojeni. Basi moli 7.52 za naitrojeni nazo hupashwa moto.

Ili kupanda uzi mmoja wa Selsiasi, moli ya kaboni dayoksaidi huhitaji wastani wa juli 55, ya mvuke 44, na ya naitrojeni 33.4. Kwa mchanganyiko mzima ni 55 + 88 + 251, yaani juli 394. Juli 802,000 zikigawanywa kwa 394 hupatikana nyuzi 2,035 hivi. Kama gesi na hewa zilianza na nyuzi 25, mwali utafikia nyuzi 2,060 hivi.

Mwanafunzi atazame tena hesabu hiyo. Naitrojeni, mfano wa mgeni aotaye moto pasipo kuleta kuni, hutwaa karibu theluthi mbili ya joto lote. Ndiyo sababu fundi wa kuchomelea vyuma kwa gesi hutumia oksijeni tupu.

Kwa kweli mwali hufikia nyuzi 1,950 tu. Katika joto kali namna hiyo baadhi ya molekyuli za kaboni dayoksaidi na mvuke huvunjika, na kuvunjika huko humeza joto.

Hata hivyo, chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538. Kupunguza hewa si dawa, kwani mwako usiokamilika huzaa kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu. Mhandisi hufanya kinyume: huongeza hewa. Hewa ikiwa maradufu ya ile inayohitajika, hesabu ile ile hutoa nyuzi zipatazo 1,200. Naitrojeni iliyoonekana mnyonyaji sasa ndiyo mlinzi wa mtambo.